Nakala ya Doto

Mwandikanuru, mashine ya kuandika kwa mwale wa nuru, iliunguruma tangu alfajiri, na diski za kioo zilitoka zikiwa za moto, moja baada ya nyingine. Kila diski, pana kama kiganja, ilibeba kata nzima ya jiji la Tabora: vyeti, vipimo vya hospitali, alama za vidole. Mwale ulichonga vishimo ndani ya kioo, na kilichochongwa hakikufutika kamwe. Saa tisa alasiri dhoruba ya jua ingeunguza kumbukumbu zote za kompyuta. Baada ya hapo, asiyekuwemo kwenye kioo asingefunguliwa mlango wala kupewa dawa.

Mhandisi Nyamizi Kasubi, aliyeibuni mashine hiyo, alizunguka chumba bila kukaa. Saa nane na nusu ilibaki diski moja tupu, aliyoitengea michoro na programu ya mashine yenyewe. Dhoruba ingeiua mashine, na bila diski hiyo isingejengwa nyingine.

Desturi ya pale ilikuwa kwamba kabla kasha la diski halijafungwa, fundi ajitafute kwenye diski ya kata yake. Fundi Doto Masanja alijitafuta mara tatu.

"Bosi, Kulwa yupo. Mimi sipo."

Nyamizi alielewa papo hapo. Ili kuokoa nafasi, aliiamuru mashine ikikuta kumbukumbu mbili zinazofanana ibakize moja. Wazazi wale wale, siku ile ile, sura ile ile: mashine ilikuta pacha, na bila kulinganisha majina wala alama za vidole ikadhani ni nakala. Akatafuta idadi ya pacha walioachwa. Watu elfu nne na mia mbili.

Doto alicheka kidogo. "Utotoni nilivaa mashati aliyoyachoka Kulwa. Sasa hata mashine imeona yeye anatosha."

Akauliza kama diski iliyobaki ingewatosha. Nyamizi akakiri ingewatosha, ila isingebaki nafasi ya kitu kingine. Akamweleza miaka kumi na minane ya kazi, na dhoruba nyingine zitakazolikuta jiji halina mashine. Doto hakumbishia.

"Kesho nikienda kuchukua sindano yangu ya sukari, niwaambie mimi ni nani?"

Nyamizi akaitumbukiza diski.

Ilitoka dakika nne kabla ya saa tisa, ina pacha wote. Kisha taa zikazimika, mwandikanuru ikanyamaza. Nyamizi alimwagiza Doto alete karatasi na bisibisi, waifungue mashine ili yeye mwenyewe achore kila kipande. Vyuma alivichora haraka, kwa hasira. Alipofika kwenye programu iliyoviendesha, iliyoungua pamoja na kompyuta, kalamu ilisimama.