Mgeni Asiyetikisa Finjani

Nimeyaona mwenyewe. Naanzia hapo, maana najua kwetu Mudhaibi kuna watu wakilisikia jina la Mahrous husema, "Ah, yule muuza tende muongo." Tende nauza, sikatai. Lakini baridi ile nilikuwa Ufaransa, mji wa Lyon, nimepeleka tende zangu kwenye maonyesho, nikalala kwenye kochi la Saliha na Anuari, ghorofa ya nne. Kifaransa nakijua: bonjuu na mersi, na zilinitosha. Kila nitakalosema limepita mbele ya macho haya. Na pale nisipokuwapo mimi alikuwapo mbwa wao, na mimi na mbwa yule tulikuwa tunaelewana sana.

Jambo lenyewe lilianza na finjani tupu.

Saliha ni binti wa Nizwa, katika wale waliorudi kutoka Unguja. Aliolewa Ibra na Anuari, mhandisi wa mabomba ya maji, kijana mtanashati, hodari wa maneno. Anuari alipopata kazi Ufaransa, mama yake, Bi Ghaniya, alimpa mkwewe zawadi ya safari: dele la shaba la kahawa na finjani zake, zimefungwa ndani ya kanga.

"Kila Alhamisi magharibi," akamwambia, "pika kahawa, umimine finjani moja zaidi ya watu waliopo. Iweke mbele ya kiti kitupu. Ada ya nyumba yetu hiyo, mwanangu. Mgeni hatujui anakuja lini. Na mkono uwe wako. Asimimine mwengine."

Bi Ghaniya wakati ule alikuwa mkavu kama kuti. Mikono inakwaruza, sauti inakwaruza, na popote alipokaa hapakukosa kuzi la maji ubavuni pake. Saliha akimpenda. Mama yake mzazi alikufa zamani, na Bi Ghaniya alimsuka nywele siku ya harusi kwa mikono ile ile mikavu. Kwa hivyo ada akaibeba mpaka Ulaya, asiulize.

Na mbwa je? Mbwa alikuwa wa kizee wa Kifaransa, jirani yao, aliyehamishiwa nyumba ya wazee. Siku ya kuondoka kizee akamtia Saliha kamba ya mbwa mkononi, akalia, akaenda zake. Jina la mbwa kwa Kifaransa lilikuwa Biskui. Saliha akamwita Biskuti, na mbwa hakuona tofauti.

"Mbwa ndani ya nyumba!" Anuari akapiga kelele. "Malaika watapita wapi?"

"Watapita mlangoni kama wewe. Yeye atalala roshani."

Baridi ya kwanza tu, Biskuti akatoka roshani akahamia kizingitini, na hapo akakaa.

Sasa, Alhamisi moja Saliha alimimina kahawa, finjani ya mgeni akaiweka mbele ya kiti kilichokuwa karibu na dirisha, akaingia jikoni kuchukua tende. Aliporudi, finjani tupu. Si tupu ya kumwagika, la. Kavu, kama iliyofutwa kwa kitambaa.

"We Biskuti! Umeanza na kahawa pia?"

Mbwa alikuwa kizingitini, masikio kayalaza. Ndipo Saliha akaona jambo ambalo alikuwa akiliona kila siku asilitie maanani. Mbwa mlinzi huupa mlango uso. Biskuti aliupa mlango mgongo. Alikuwa akilinda kinachotoka ndani.

Hapa nikuelezee kitu kama hukukulia kwetu. Mgeni akipewa kahawa hasemi "nimetosheka." Huitikisa finjani kwa vidole, tiki tiki, na mwenyeji akajua basi. Asipoitikisa, mwenyeji hana ruhusa kuacha. Atamimina, atamimina tena, hata kukiche. Kumwacha mgeni na finjani tupu ni aibu isiyofutika.

Alhamisi iliyofuata Saliha alikaa palepale, hakwenda jikoni. Anuari alikuwa kazini. Sikuzote Alhamisi kazi yake ilichelewa. Jua la kule hufa mapema, mchana hata haujakolea. Kwanza ikaja harufu, tope la falaji, ule mfereji wa maji unaopita mashambani kwetu, tope bichi, na ndani yake harufu ya nywele zilizoungua. Ghorofa ya nne, Ulaya, madirisha yamefungwa! Halafu kiti kikalia, kile kilio cha kiti kinapokaliwa na mtu mzito. Halafu kahawa katika finjani ikaanza kushuka, taratibu, kama maji yanayonywewa na ardhi, na Saliha akawa hawezi kuinuka wala kupepesa, anasikia koo linameza mezani pake na hamuoni mwenye koo, na ilipokwisha tone la mwisho, ukucha ukagonga ukingo wa finjani, ti, ti, ti, ule ugongaji wa mtu anayedai aongezwe, na mkono wake Saliha, wallahi si kwa kupenda kwake, ukanyanyua dele ukamimina, ukamimina, mpaka dele likakauka, na hapo tu ndipo Biskuti alipobweka na kiti kikalia tena.

Finjani haikutikiswa.

Tangu siku hiyo Saliha akaingiwa na kiu. Anakunywa, maji yanapita kama yanamwagwa mchangani. Midomo ikapasuka. Akikata vitunguu macho yanawasha, chozi halitoki. Daktari akampima akasema ni mzima, anywe maji. Maji! Alikuwa akilala na jagi kifuani.

"Anuari, ndani humu hatuko peke yetu," alimwambia mumewe.

Anuari hakushangaa. Hilo Saliha angeliona kama asingempenda. "Nilikwambia mie. Mbwa mweusi huyo. Ndiye aliyekuletea."

"Si mweusi. Rangi ya mkate."

"Usiku mbwa wote ni weusi, mke wangu."

Saliha akampigia Bi Ghaniya, wakaonana kwenye simu. Saliha alipouona uso wa mkwewe akapigwa na butwaa. Mashavu yamejaa, ngozi inang'ara kama imepakwa samli.

"Shikamoo, mama. Mashaallah, umenawiri!"

"Marahaba, mwanangu. Hewa ya Ibra tu." Hata sauti haikwaruzi tena. "Nimeambiwa una mbwa. Mtoe. Huyo ndiye jini lenyewe. Mtoe leo hii, na kahawa usiikatize. Wanisikia? Usiikatize."

Basi. Wote wawili anaowapenda wamesema neno moja, naye ni mgeni katika nchi ya watu. Alhamisi mchana akamfunga Biskuti kamba akamteremsha kwa mama muuza mikate, chini ya jengo lao, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akimtupia mbwa vipande vya mikate iliyolala. Biskuti hakugoma. Alimtazama tu. Saliha akageuka aondoke, akakumbuka blanketi la mbwa limebaki juu.

Akapanda. Mlango ulikuwa haukufungwa vizuri. Anuari kesharudi, siku ya Alhamisi, mchana! Yuko jikoni, simu kaiweka mezani inasema kwa sauti, na mimi kochini anadhani nimelala.

"Ameshamtoa, mama. Nimewaona dirishani."

"Alhamdulillahi," ikajibu sauti laini ya Bi Ghaniya. "Mbwa akimzuia mgeni asimzoee. Sasa atamhamia moja kwa moja."

"Lakini mama… midomo yake inatoka damu."

"Yangu haikutoka? Ujana wangu wote umenywewa na yule, urithi wa baba yako, mie nilifanya nini? Na wewe ulinambia nini siku ya kuposa? Ulinambia, mama, nakuletea wa kukupokea dele. Au nimeota?"

Saliha akangoja mumewe akatae. Hata uongo angeupokea.

"Hukuota," akasema Anuari. "Lakini nampenda."

"Ndiyo uzuri wake. Mwanamke anayependwa haulizi."

Saliha alisimama pale na blanketi la mbwa. Kilio kikampanda kifuani, kikafika kooni, kikafika machoni, na machoni hapakuwa na kitu. Alikuwa hana hata chozi la kujililia. Mgeni kalinywa. Nikwambie, mimi nimeona watu wamefiwa, nimeona watu wamefukuzwa kwao, sijaona uso kama ule.

Akashuka kimyakimya. Dukani kwa muuza mikate akamkumbatia Biskuti shingoni, akampigia mama yake mdogo, Bi Kuruthum wa Nizwa, mwanamke ambaye watu humwendea kwa mambo haya usiku ingawa mchana humpita kama hawamjui.

"Alikaribishwa kwa dele?" akauliza Bi Kuruthum. "Basi huyo hafukuzwi, mwanangu. Mgeni hafukuzwi. Lakini mwenyeji hubadilika. Mpe dele yule aliyemleta, amimine kwa hiari yake. Mgeni akimtambua mwenyeji wake wa damu, ataitikisa finjani: kwako keshatosheka. Umepona."

"Na asipoitikisa?"

"Mfanye aitikise."

Hakusema vipi. Lakini la kumimina Saliha alikuwa na njia, maana akimjua mumewe. Alikuwa na ugonjwa mmoja Anuari: Mzungu akiingia ndani, hawezi kukaa akatulia. Lazima amwonyeshe kahawa ya kwetu, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, atoe na darsa juu yake. Basi Saliha akamwomba yule mama apande juu kidogo, aonje kahawa. Mama akavua aproni, akafurahi.

Magharibi ikawakuta sebuleni, nami kochini pangu. Anuari kumwona Biskuti alisawijika, lakini mgeni yupo, atasema nini? Saliha akaleta sinia: dele, tende, finjani, na ile moja zaidi, mbele ya kiti cha dirishani. Akalinyanyua dele, akakawia kumimina.

"Lete, lete," akasema Anuari, tabasamu mpaka masikioni. Akalitwaa. Akammiminia yule mama, huku anaeleza kwa Kifaransa ya hiliki na ya heshima. Harufu ya tope ikaingia. Mama akakunja pua. Biskuti akasimama. Na ukucha ukagonga ukingo, ti, ti.

Anuari alikuwa katikati ya maneno. Finjani tupu inagonga, na yeye ni mtoto wa watu, kafunzwa tangu hajaota meno. Mkono ulikwenda wenyewe kabla akili haijaufuata. Akamimina. Ndipo akatazama alichokifanya, na tabasamu likabaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Saliha," akanong'ona. "Saliha, ulikuwa unajua?"

"Wewe ulikuwa unajua," akamjibu, pole pole.

Kahawa ikashuka. Anuari akamimina. Ikashuka. Akamimina, jasho linamtoka na papo hapo linakauka, midomo inamgeuka myeupe, naye mama muuza mikate anacheka na kupiga makofi akidhani ni kiinimacho cha kwetu, na Biskuti anaunguruma bila kuvuta pumzi, mpaka dele likatoa tone la mwisho na kila kitu kikanyamaza, hata magari ya njiani. Hapo finjani ikainuka siniani, ikasimama hewani kimo cha kidevu cha mtu, ikatikiswa. Tiki, tiki, tiki. Ikarudi chini, kifudifudi. Harufu ikaondoka kama mlango uliofungwa.

Yule mama ndiye aliyetangulia ngazi, kiatu kimoja mguuni. Saliha akamfuata na mbwa wake, nami nyuma yao. Anuari hakuwazuia. Alikuwa ameliinamisha dele kinywani, analamba.

Siku hizi yuko Ibra kwa mamake. Watu wanasema nyumba ile inanunua maji ya gari hata wakati falaji limejaa. Hawasemeshani, yeye na Bi Ghaniya. Wanagombea kuzi.

Saliha amerudi Nizwa. Nilipita kwake mwezi uliokwisha, nikamwona Biskuti amezeeka, ndevu nyeupe kama shehe. Nikapewa kahawa, nikatikisa finjani yangu haraka haraka. Saliha alinichekesha, akanipa habari za jamaa. Baba yake alikuwa amezikwa juzi tu. Alinisimulia maziko yote macho makavu, na kati ya neno na neno akinyanyua jagi akinywa. Joto la Nizwa, nikasema moyoni, nani hanywi?

Kila nililokwambia ni kweli, ila moja nimelitia mwenyewe, kwa sababu hadithi inataka mtu apate kulala. Ile finjani iliyoinuka ikatikiswa, niliitikisa mimi. Mle sebuleni haikutikisika. Dele lilikauka, ukucha ukagonga ukingo tena, na Saliha akakimbia akiwa bado anausikia.

Na Biskuti, nilipokuwa natoka, ilinibidi nimruke. Amelala kizingitini, mlango kaupa mgongo.