Mke Mwenza wa Magurudumu Mawili

Safari iliharibika kwa sababu ya picha.

Ilikuwa saa nne asubuhi, katikati ya uwanda wa chumvi, ardhi nyeupe pande zote na joto likitetemesha upeo wa macho. Mume alizima injini. Huyu ni mwalimu wa jiografia, na ndiye aliyeng'ang'ania njia ya mkato wakati barabara kuu ipo. Alitoa simu apige picha. Mkewe akaweka sawa kilemba chake, akasimama kando ya tangi, akatabasamu.

"Sogea kidogo, mama," mumewe akasema. "Unamkinga."

Aliyekingwa ni pikipiki. Kuukuu, ya safari ndefu, ina masanduku mawili ubavuni, na tangu mwezi uliopita imepakwa rangi nyekundu mpya mpaka kwenye mifupa ya fremu. Mwalimu aliiita Malkia. Mkewe aliiita mke mwenzangu, watu wakacheka, lakini hakuwa anatania. Miaka kumi na moja alimwona mumewe akiisugua kwa kitambaa laini kila wikendi, akiisemesha kwa sauti ambayo yeye mwenyewe alisemeshwa wakati wa uchumba tu. Na mjini kila mtu alimwita mke huyu Fundi. Redio, feni na spika zote zilipita mikononi mwake. Malkia pekee ndiye aliyekatazwa kumgusa.

Akasogea. Picha ikapigwa bila yeye.

Mwalimu akabonyeza kitufe cha starta. Tak. Akabonyeza tena. Tak.

Mkewe alifurahi. Tuseme ukweli, moyo wake ulicheza ngoma.

"Betri hiyo," mwalimu akasema.

"Honi inalia vizuri. Taa zinawaka. Betri gani?"

Mwalimu alifungua kiti, akaunganisha kwa bisibisi vichwa viwili vya rilei, swichi inayopeleka umeme kwenye starta. Cheche ziliruka, starta ikaguna mara moja na kunyamaza. Basi akaamua kuisukuma ili iwake kwa mwendo. Hatua ya sita ganda la chumvi likapasuka, gurudumu la mbele likazama kwenye tope la chini, na kilo mia tatu zikamlalia mguuni. Mfupa ulisikika ukivunjika.

Mkewe aligeuza mgongo, akauegemeza kwenye kiti, akasukuma kwa miguu yote miwili mpaka mashine ikasimama, kisha akalichomoa gurudumu topeni. Aliufunga mguu wa mumewe kwa spana mbili ndefu na mkanda. Walikuwa na lita moja na nusu ya maji. Simu haikuwa na mtandao, na barabara ilikuwa mbali, kilomita thelathini.

Jua lilipofika utosini, mwalimu alikuwa amelala kwenye kivuli chembamba cha pikipiki, midomo imepasuka. Alikuwa akinyweshwa kwa kifuniko cha chupa. Baada ya kifuniko cha nne akafumbua macho.

"Haikukwaruzika?"

Mkewe akamtazama. Akaweka chupa chini, akaondoka.

Alitembea hatua mia, labda mia mbili, chumvi ikivunjika chini ya viatu. Na life hapa hapa hilo dude lake, liote kutu, alisema peke yake. Peke yangu barabara nitaifikia. Kisha akageuka nyuma. Kwa mbali aliona doa jekundu, na chini yake mwanamume wake, ameegemeza kichwa kwenye gurudumu.

Hapo wivu ukampiga kofi la pili. Akifa, atafia pale. Atakayekuwa naye mwisho ni yule. Hilo hakulikubali hata kidogo, akarudi mbio.

"Usimguse," mwalimu akanong'ona alipomwona akichuchumaa kando ya kiti. "Waya zake huzijui."

"Kunywa maji, unyamaze."

Kidole cha mkono wa kushoto alikiweka kwenye kitufe, mkono wa kulia akapapasa waya mmoja mmoja kama anavyopapasa redio za watu. Waya mwekundu kutoka betri, vuguvugu. Wa kwenda starta, vuguvugu. Akaufuata ule mweusi mnene unaotoka betri na kufungwa kwenye fremu. Akabonyeza, tak, na kichwa cha waya kikamchoma kidole.

Alijua maana yake. Umeme ukibanwa njia, unachoma pale pale ulipobanwa. Akafungua bolti. Chini yake hapakuwa na chuma. Palikuwa pekundu, panang'aa.

"Ulipaka rangi na hapa?"

"Pasingependeza pakibaki vile."

"Kwa hiyo rangi imezuia umeme, ukawa unapenya kwenye nyuzi za bolti tu, mpaka mtikisiko umeilegeza." Akachomoa kisu. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Akakwangua. Mwalimu alifumba macho kama anayekatwa yeye. Chuma kilipong'aa kwa weupe, mkewe akarudisha bolti, akakaza kwa nguvu zote, akabonyeza. Starta ikazunguka, injini ikaunguruma.

Alimpakia nyuma, akamfunga kiunoni mwake kwa kilemba. Kabla ya kuolewa aliwahi kuendesha pikipiki ndogo ya kaka yake. Hii ilikuwa mara nne yake. Mara mbili ilitaka kuanguka, akaikataza.

"Jua libaki bega la kushoto," mwalimu akasema sikioni mwake. "Palipo kijivu pita mbali, ni tope."

Huo ndio msaada alioutoa, na bila huo wasingetoka.

Alasiri waliifikia barabara, na kando yake zahanati yenye mabati ya buluu. Muuguzi na mlinzi walimshusha mwalimu, wakamlaza kwenye machela, wakamtundikia dripu. Mkewe alibaki juu ya pikipiki. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu, na kiganja chake kilikuwa kimetulia juu ya tangi.

"Mwambie azime," mwalimu akamwambia muuguzi. "Itachemka."

Mkewe alisikia, hakuzima. Aliinua macho, akauona wivu usoni mwa mumewe. Wivu aliufahamu vizuri, ameishi nao miaka kumi na moja. Alichoshindwa kukifahamu ni kama mumewe anamwonea wivu yeye kwa kuishika pikipiki, au anaionea pikipiki kwa kumbeba yeye.