Sahlu wa Debarki, Amekufa kwa Homa

Amri ilifika kwa mkono wa muuza chumvi, imekunjwa ndani ya kitambaa.

Mistari mitatu.

Mwaka wa Mwinjili Luka, ametawazwa mfalme mpya.

Amezaliwa binti wa mfanyabiashara Kinfu.

Amekufa Sahlu wa Debarki, kwa homa.

Sahlu aliisoma mara mbili, akaitia motoni. Mkuu wake kule Gondar aliandika amri zote hivyo, kama habari za mwaka, mstari wa kwanza ukiwa kificho tu. Aliyetajwa kupata mtoto ndiye wa kuwindwa. Aliyekufa ni jasusi wa kufutwa: kwao ahesabiwe maiti, asirudi tena.

Safari hii aliyefutwa ni yeye mwenyewe.

Kule Debarki mkewe alikuwa ameshapelekewa habari, akanyoa nywele kwa msiba. Ndani ya nyumba alilala binti yao wa siku sabini na moja. Sahlu hakuwa amembeba hata mara moja.

Kinfu halikuwa jina lake. Alikuwa mgeni kutoka ng'ambo ya Masawa, Kiamhari chake hakina kasoro, na alikuwa akiwapelekea baruti waasi wa milima ya Simieni. Baruti ikifika, waasi watashuka. Mji wa kwanza njiani ni Debarki.

Adhuhuri Sahlu alikuwa ameketi kwenye kizuizi cha ushuru, amejigeuza kasisi kwa kilemba cheupe, walinzi wakimwita Abba. Kinfu akatokea bondeni na nyumbu tisa wa magunia.

Mkuu wa kizuizi, Bezabihi, aliinua tumbo lake akasimama.

"Umebeba nini, bwana?"

"Unga wa tefu," Kinfu akajibu. "Karamu ya ubatizo wa mwanangu."

"Pita, pita. Mzigo wa ubatizo mimi sifungui. Nuksi!"

"Mungu akuzidishie."

Sahlu hakuinuka. "Mtoto gani, bwana?"

"Binti, Abba. Ijumaa anatimiza siku arobaini, tunambatiza."

"Arobaini."

"Kamili."

"Bezabihi," Sahlu akasema, "wewe binti yako ulimbatiza siku ya ngapi?"

"Themanini, kama mabinti wote. Arobaini ni ya wavu..." Bezabihi akakwama. Akamgeukia Kinfu. "We! Binti yako kageuka dume njiani?"

Bastola ya mitutu miwili ikatoka chini ya shuka la Kinfu.

Sahlu alikuwa ameshachomoa kijinga cha moto kwenye mafiga ya walinzi. Akakishika shubiri moja juu ya gunia la nyumbu wa mbele.

"Piga."

"Una wazimu? Tutakufa wote!"

"Utakufa wewe. Mimi nilishakufa kwa homa."

Kinfu alimtazama machoni, akatafuta woga. Hakuuona. Cheche moja ilidondoka, ikapita kando ya gunia, ikazimika vumbini.

Bastola ikaanguka. Walinzi wakamrukia.

Bezabihi akapasua gunia. Unga vidole vinne. Chini yake, baruti tupu.

"Mama yangu!" Akajifuta jasho. "Abba, usiondoke. Injera ipo, mchuzi wa pilipili upo. Au unawahi Debarki? Ni mwendo wa saa mbili tu. Una mtu kule?"

"Mjane wangu."

Bezabihi akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Sahlu alirudisha kijinga mafigani, akakung'uta mikono, akaipa Debarki mgongo, akashika njia ya Gondar.