Kifungo Kilichong'atwa

Alhamisi, saa nne asubuhi

Kufuli alichora nyumba juu ya meza ya kukatia nguo, kwa chaki ya Fundi, bila kuomba. Mlango wa nyuma hapa. Ngazi hapa. Chumba cha makabati hapa. Alikandamiza chaki mpaka ikavunjika.

"Bwana Makabati anatoka saa saba kwenda mnadani. Mlinzi akianza kula hasikii hata radi. Mlango niachieni mimi. Fundi anajua cha kubeba. Breki, gari lisizimwe."

Breki, dereva, alicheka. "Yaani watu wazima tunakwenda kuiba nguo za watoto."

"Cheka. Wako matajiri walioiona ile filamu ya binti aliyegeuzwa njiwa wakiwa wadogo. Leo wakiona gauni lake wanalia kama wamefiwa. Na wanalipa."

Fundi hakucheka. Chumba kilikuwa chake, cherehani ilikuwa yake, na kazi ile ndiye aliyeileta. Bwana Makabati alimpa nguo za filamu ile alizozikusanya azitie viraka: magauni yenye njiwa kifuani, kofia, soksi, vibegi, miavuli ya kumtosha mtoto tu. Makabati yalijaa mpaka darini, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyakaribia. Hilo lilimkera tangu siku ya kwanza.

"Mimi nataka kitu kimoja," alisema. "Koti la kijivu, saizi nne, kabati la mwisho. Mengine yote chukueni."

Wanaume walitazamana.

"Kimoja tu?" Kufuli aliuliza.

"Umesikia."

"Haya, shemeji. Ni lako. Atakayeligusa atanijua mimi ni nani."

Alikuwa kaka mkubwa wa mume aliyemtoroka Fundi, na neno shemeji lilimtoka pale tu alipotaka kitu.

Fundi hakuwaeleza sababu. Hapo ndipo alipokosea.

Koti lilikuwa la binti yake. Alilinunua mitumbani, likiwa na kofia yenye mdomo wa njiwa, na mtoto akakataa kulivua. Akisinzia alitafuna kifungo cha juu mpaka kikapata alama za meno. Homa ilimchukua kabla mikono ya koti haijamfupia. Udongo wa kaburi haujakauka, mumewe akaliuza. Akaliuza, akanunua viatu.

Kisha siku moja koti likatua mezani kwake, likitokea kwa Bwana Makabati. "Toa kifungo hicho," aliambiwa. "Meno ya mtoto yanaliharibia hadhi." Akaomba alinunue. Yule bwana akamwangalia kama aliyeomba kununua nyumba yake. "Fundi, haya si ya kuvaa." Fundi akakitoa kifungo, akatia kingine, kile cha zamani akakificha kwenye kopo la sindano. Tangu siku ile alimchukia bwana yule mwili mzima.

Saa saba na nusu mchana

Mlango wa nyuma ulifunguka kabla Kufuli hajamaliza kukohoa. Walipanda. Chumba kilinuka dawa ya nondo. Kufuli alikomba nguo kwa mikono miwili, akizisokomeza kwenye gunia.

"Usizikunje hivyo."

"Shemeji, tunaiba, hatupigi pasi."

Fundi aliacha gunia lake, akaenda kabati la mwisho. Koti lilikuwepo. Aliponyoosha mkono, mkono wa Kufuli ulishafika.

"Nalibeba mimi. Wewe una mzigo."

"Tulikubaliana."

"Na nimelikataa? Tembea."

Chini, sahani iligonga meza. Mlinzi alikuwa amemaliza kula. Walishuka mbio, wakatoka, Breki akaliondoa gari milango ikiwa wazi. Njia panda Kufuli alimgeukia Fundi.

"Shuka. Tukionekana pamoja kimenuka. Tukutane kwako."

Koti lilikuwa kwapani mwake. Fundi alishuka kwa sababu gari lilikuwa limeshasimama na watu walikuwa wanaangalia. Halafu alitembea, kisha akakimbia.

Saa nane na nusu

Gari lilikuwa nje, Breki usukani. Fundi alisukuma mlango.

Kufuli alikuwa ameinamia meza na mkasi wa Fundi mkononi, magunia yamerundikwa nyuma yake. Bitana ya koti imechomolewa. Kofia imepasuliwa katikati. Mdomo wa njiwa uko sakafuni, pamba imetapakaa.

"Umekificha wapi?"

"Nini?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu haachi magunia mawili akachukua koti kuukuu. Humu mmeshonewa kitu. Dhahabu? Vito? Nimepasua kote."

"Hamna kitu."

"Sasa ulilitakia nini?"

"Lilikuwa la mwanangu."

Kufuli aliangalia mkasi, akaangalia vitambaa.

"Wewe ni baba yake mkubwa," Fundi alisema. "Ulimbeba begani akiwa nalo. Ulimwita njiwa wako. Umelikata na hukulitambua."

"Ungesema, shemeji." Aliweka mkasi chini. "Basi, koti ni koti. Tukiuza nitakununulia jingine."

Fundi alikusanya vipande, kimoja kimoja, hata ule mdomo. Akachukua kopo la sindano. Akatoka.

Nje ya mlango lilining'inia kufuli jipya, zito, alilolileta Kufuli asubuhi ili mali isiguswe. Fundi alivuta mlango, akapitisha kufuli, akalibana. Kah.

"Shemeji?"

Hakuna kufuli lililowahi kumshinda Kufuli, lakini yote aliyafungua akiwa upande wa nje. Madirisha yalikuwa na nondo za chuma. Mlango ulianza kupigwa mateke.

Breki alimtazama Fundi, akatazama mlango. "Mimi sikuja hapa leo," alisema, akatia gea na kuondoka.

Fundi alikaa kizingitini, akampigia simu Bwana Makabati. "Nguo zako ziko kwangu. Mwizi pia. Mwizi mwingine ni mimi. Njoo na polisi."

Kisha akatunga uzi.

Walipofika alikuwa amesharudisha bitana na kofia, kwa mishono mikubwa, ya haraka, na sasa alikuwa akishona kile kifungo cha zamani. Mlango nyuma yake ulikuwa ukitukana. Polisi wawili walisimama mbele yake, hawajui waanze na nani. Bwana Makabati aliwapita.

"Umeliua koti langu," alisema. Akainama. "Na kifungo hicho ni kile kile. Kina meno. Kitoe."

"Ni ya mwanangu."

"Nimesema kitoe."

"Mama, weka chini hiyo sindano," polisi mmoja alisema, kwa upole kidogo. "Twende."

"Nakuja."

Alizungusha uzi chini ya kifungo, akaukaza, akafunga fundo. Mkasi ulikuwa ndani na Kufuli. Fundi alimtazama Bwana Makabati usoni, akainua koti mdomoni, akaukata uzi kwa meno.