Jina Lote la Sebineza

Siku Sebineza alipofariki, seremala alikuja na kamba. Alimpima kwanza, ndipo akakata mbao za jeneza. Bazubagira, binti wa marehemu, alimtazama akifanya kazi.

Ng'ombe hawakujua msiba. Bazubagira aliendelea kukamua na kulima. Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, alishuka na kaka yake Fabien kutoka kijiji chao cha Bibokoboko hadi misheni ya Baraka, jina la baba yao likaandikwe. Kwao, siku hiyo jina lote la marehemu husomwa kanisani, pamoja na la baba yake na la babu yake.

Adolphine, karani wa misheni, alikuwa na kompyuta. Aliiandikia maagizo kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Alichapa jina, karatasi ikatoka: SEBINEZA MWANA WA SEBAT.

"Citoyenne, bibi karani, mashine yako imekula babu!" Fabien alicheka.

Bazubagira hakucheka. "Baba hakukuwa muntu wa nusu. Hii siipeleki kanisani."

"Pole, mama," Adolphine alisema. "Kila jina nililipatia fasi, nafasi ya urefu uleule, ndani ya mashine. Jina refu linakatwa. Lisipokatwa, linamwagikia fasi ya jina jirani na kuharibu maneno yake. Mashine ya wenzetu wa Bukavu iko na chombo cha kupima jina na kulitafutia fasi. Hii yetu haina."

"Basi ulikata mbao mbele ya kupima. Seremala wetu anapima kwanza," Bazubagira alisema.

"Ni vile kabisa! Chombo hicho nitakitengeneza mwenyewe. Mashine itapita kwenye jina mara ya kwanza bila kuandika, ihesabu herufi tu. Halafu itaomba fasi ya kuzitosha, na moja tena ya alama ya kuonyesha jina limeishia wapi. Ndipo iandike."

"Na fasi ikikosekana?" Bazubagira aliuliza.

"Itasema wazi imekosekana, isiandike kitu. Tena kazi ikiisha, fasi inarudishwa."

"Na Bukavu?" Fabien aliuliza.

"Kwenye chombo kiko tayari, kama kule, mashine itatumia kile. Kwenye hakiko, itatumia chetu. Maagizo ni yaleyale."

Adolphine aliandika, akajaribu, akasahihisha. Karatasi ikatoka: SEBINEZA MWANA WA SEBATWARE MWANA WA SEBASAZA WA BIBOKOBOKO.

Kanisani, Bazubagira alilisoma mwenyewe, kichwa juu, bila kuruka neno. Fabien alikuwa wa kwanza kusimama, na watu wote wakasimama.

Sasa mashine ya Baraka inapima kila jina kabla ya kuliandika.