Gari la Kuvuta Lilifika Kabla ya Ambulensi

Ndugu msomaji, nilikuwa nimebanwa ndani ya gari, mguu wa kushoto umenaswa chini ya dashibodi, nilipomsikia mdogo wangu akiniuza...

Asubuhi ile mvua ya barafu ilikuwa imeigeuza barabara kuwa kioo. Niliteleza hadi mtaroni. Nilipiga simu ya dharura, nikataja mahali. Kabla sijataja jina, simu ikaniponyoka.

Nilisubiri ambulensi.

Likaja gari la kuvuta.

Dereva akainama dirishani, karatasi mkononi. "Mama, saini hapa tukuvute."

"Mguu wangu umenasa. Ambulensi iko wapi?"

"Ipo huko nyuma. Nimeziba njia kidogo, wavutaji wenzangu wasiniwahi."

Kidogo...

Simu yake ikaita. Akaiweka kwenye spika.

"Umefika kwenye ile ajali niliyokupa?"

"Nimefika, afande. Ila kuna mama kanasa humu ndani."

"Kasaini?"

"Bado. Analialia mguu."

"Asaini kwanza. Ukipisha tu, gari linabebwa na wengine, na chai yangu ndiyo imekwenda."

Sauti ile niliifundisha kusoma. Valdemar, kitinda mimba wetu, sajenti wa Polisi wa Mkoa wa Tarnbrook.

Nami ni mhadhiri. Rushwa ya polisi ndiyo utafiti wangu. Jumatatu iliyofuata ningetoa ushahidi mbele ya tume ya uchunguzi, na nilikwisha kuandika kwamba polisi wa Tarnbrook ni safi. Aliyenihakikishia ni yeye.

"Valdemar," nikasema. "Ni mimi, Idalina."

Dereva akaitazama simu.

Kisha sauti ya Valdemar: "Toa gari lako hapo. Toa sasa hivi, mpuuzi wewe."

Jioni alikuja hospitalini na supu ya sukuma wiki na viazi aliyoipika mama yetu.

"Dada, haki ya Mungu, ningejua ni wewe..."

"Ungefanyaje?"

"Ningeacha ambulensi ipite."

"Na wale waliopata ajali kabla yangu? Wao hawana ndugu?"

Alifunika supu, akaifunua tena.

"Usiende kwenye tume."

"Nitakwenda."

"Haya, nenda." Akaniangalia kwa upole ulionitisha. "Ila wakikuuliza, waambie na hili. Ile miaka miwili chuo kilipokukatia ufadhili, ada yako nililipa mimi. Ulidhani ni mshahara wa sajenti?"

Nilitaka kuinuka. Mguu ulikuwa umefungwa kwenye chuma...

Usiku kucha nilitafuta mlango wa kutokea, sikuuona. Ningenyamaza, ningekuwa mwenzake. Ningesema, ningejishitaki pamoja naye.

Jumatatu niliingia kwa magongo. Mwenyekiti akaniomba nianze na matokeo ya utafiti wangu.

"Naomba nianze na ada yangu," nikasema.

Valdemar anasubiri hukumu. Chuo bado kinajadili shahada yangu. Mama hapokei simu zangu.

Miaka yote hiyo niliitafuta rushwa katika nyuso za watu wabaya, ndugu msomaji. Kumbe huja na supu ya moto, ikakaa kitandani pako, ikakuita dada. Kabla hujawauliza wengine walikula wapi, uliza chakula chako kilitoka wapi.