Siku Jenerali Alipozisubiri Sahani

Asubuhi ya nyumba ile ilianza na mlio wa sufuria. Mpishi aliamka kabla ya jua, akawasha majiko, akaosha mchele mpaka maji yakatoka safi. Mumewe alipasha moto pikapu yao kuukuu. Binti yao alihesabu sahani. Kazi yao ilikuwa kupikia shughuli za watu: mikutano, harusi, mahafali. Sufuria yao kubwa ilitosheleza watu mia mbili. Mume aliipa jina la Jenerali, kwa sababu haikuinuliwa na mtu mmoja, na ikipita kila mtu aliipisha.

Mpishi alikuwa na mkono mtamu. Hakuna aliyebisha hilo. Wali wake uliachana punje kwa punje.

"Kazi yangu ni kupika," alizoea kusema. "Mengine yatajipanga."

Hayakujipanga. Mwezi ule walipelekea chakula mkutano wa walimu. Binti alikuwa ameosha sahani tangu jana yake. Zilikuwa tayari mapema, basi zikapakiwa kwanza, ndani kabisa ya pikapu. Juu yake vikombe, kisha ndoo, kisha Jenerali nyuma. Walipofika, iliwabidi wateremshe kila kitu ndipo wazifikie sahani. Jenerali akakaa chini anasubiri. Kumbe hata pawa za kupakulia zilibaki nyumbani, dirishani. Walimu walingoja saa nzima, harufu ya nyama ikiwatesa. Mwishowe wakapakuliwa kwa vikombe.

Mwalimu mmoja mzee alimwambia mpishi kwa upole, "Mwanangu, chakula chako ni kitamu sana. Lakini tumekila kwa hasira."

Mgeni mmoja wa siku ile alikuwa mkuu wa chuo cha wauguzi. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani kwa mpishi. Alisema ladha ile haijamtoka kinywani, na ile saa ya kungoja haijamtoka kichwani. Mahafali ya chuo yalikuwa baada ya wiki tatu. Watu mia nne. Wangekaa mezani saa saba kamili, na saa nane wauguzi wawe wamerudi wodini, maana wagonjwa hawana mahafali.

"Nakupa mara hii moja," alisema. "Ukinichelewesha, sitakuita tena. Na wenzangu wa vyuo vingine wataniuliza habari zako."

Mpishi alimsindikiza hadi getini. Miaka tisa alikuwa amepika jikoni kwa mtu mwingine, akitumwa kama mtoto. Wakishindwa mara hii, Jenerali atauzwa, na mpishi atarudi kulekule.

Alianza kumlaumu mumewe kwa kupakia vibaya. Mume akamlaumu binti. Binti akalilaumu dirisha.

Jirani yao alisikia yote. Alikuwa mwanamke mzee, mstaafu wa jeshi, na mtaa mzima ulimwita Bibi Sajini. Alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama kwenye ukuta mfupi uliotenganisha nyumba zao.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," alijibu binti.

"Ikiwepo, hakuna anayeiona. Isipokuwepo, kila mtu anaiona."

Mume alisema ni pumzi. Binti alisema ni chumvi. Bibi alisema chumvi imekaribia, lakini jibu akawanyima.

Mpishi alimuuliza jeshini alikuwa akifanya kazi gani hasa. Alitarajia kusikia habari za bunduki.

"Nilikuwa stoo," alisema Bibi Sajini. "Maji, soksi, sabuni, dizeli."

Mume alicheka puani. Bibi hakukasirika. Aliomba kiti, akawasimulia. Walikuwa wanajeshi mia nane, wakivuka nchi kavu kwa siku kumi na moja. Kila mmoja alihitaji lita tano za maji ya kunywa kwa siku. Mpishi, aliyezoea kukadiria maji kwa jicho, alipiga hesabu kimoyomoyo. Lita elfu nne. Kila siku. Yapo magari ya kuyabeba, lakini gari la maji nalo linakunywa dizeli. Na gari la kuleta dizeli nalo linakunywa. Na dereva wake anakula, anaugua, anatoboa soksi. Bibi aliongea taratibu. Nyuma ya kila mwanajeshi mpishi akaona msururu wa mapipa, magunia, spana na watu, msururu mrefu usioonekana mwisho. Alisahau kufunga mdomo.

"Upande wa pili walikuwa wengi kuliko sisi, tena mashujaa," alisema bibi. "Siku ya nane wakaondoka. Hatukuwatoa kwa risasi. Kiu iliwafikia kabla yetu."

Mume hakucheka tena.

"Sasa, mwanangu, muuguzi wako ameketi, anakula. Kabla hajala?"

"Anapakuliwa," alisema mpishi.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa upawa."

"Uko wapi?"

Mpishi alitazama dirisha.

Wakaenda hivyo kinyumenyume, kutoka mdomoni mwa muuguzi hadi mchele sokoni. Kila jibu binti aliliandika daftarini. Bibi aliwaonyesha kwamba kitakachotoka kwanza garini lazima kiingie mwisho. Pawa zifungwe kwenye mpini wa Jenerali mwenyewe, na mbili za akiba zikae mkobani mwa binti. Kazi hii, alisema, huitwa ugavi: kitu kinachotakiwa kifike kinapotakiwa, kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Vitani na kwenye biashara ni ileile.

"Na njia mmeipita?" aliuliza.

Mume alisema njia ya chuoni anaijua tangu utotoni.

"Ya utotoni sikuulizi. Nauliza ya juzi."

Basi siku moja kabla ya mahafali mume aliipita. Daraja lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Njia ya kuzunguka ilichukua dakika arobaini badala ya kumi na tano. Wakapanga kuondoka mapema zaidi.

Siku yenyewe walikuwa na sufuria ya pili ya kuazima, kubwa kama Jenerali, mume akaipa cheo cha Luteni. Walifika ikiwa imebaki saa nzima. Yakatoka maji ya kunawa, zikatoka sahani, wakatoka Luteni na Jenerali. Saa saba kamili watu mia nne waliketi. Upawa mmoja ulivunjika mpini. Binti akaingiza mkono mkobani na kutoa mwingine, hata foleni haikusimama.

Mpishi alijiweka pembeni, akatazama. Watu mia nne walikula wakizungumza mambo yao. Hakuna aliyeulizia sahani. Hakuna aliyetafuta maji. Saa nane kasoro dakika tano, sare nyeupe zilikuwa zikivuka uwanja kurudi wodini. 

Mkuu wa chuo alimwambia maneno machache tu: mwakani wiki hiihii, na vyuo viwili vingine vitampigia simu.

"Hakuna hata mmoja aliyetuona," mpishi alimwambia mumewe garini. Kisha akashtuka kwa aliyoyasema.

Jioni alikwenda kwenye ule ukuta mfupi. "Bibi, nimekijua kile kitendawili. Ni ugavi."

 Bibi Sajini alikuwa akimtazama binti, aliyekuja nyuma ya mama yake na sahani iliyofunikwa. Daftarini, mstari wa mwisho kabisa, binti alikuwa ameandika: sahani ya Bibi Sajini, ya moto, saa kumi na mbili.

Bibi aliifunua, mvuke ukapanda. Akageuka kutazama saa iliyotundikwa sebuleni kwake, kupitia mlango uliokuwa wazi: saa kumi na mbili kamili. Kisha akakaa, akala.